Kila Kazi na Mwenyewe: Muundo na Usimamizi wa Watumishi katika Idara ya Uendeshaji ya Klabu ya Kandanda

Utangulizi

Mwaka 2023 klabu ya Gor Mahia ya Nairobi ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya kwa mara ya 20. Kwa desturi, bingwa wa ligi huiwakilisha nchi yake katika Ligi ya Mabingwa barani Afrika. Mwaka huo mambo yalikwenda kinyume. Gor Mahia haikupata leseni ya Shirikisho la Kandanda Barani Afrika (CAF), na mashindano ya msimu wa 2023/2024 yakachezwa bila bingwa wa Kenya. Wachezaji walikuwa wamekwisha kutimiza wajibu wao uwanjani. Kilichowazuia kuvuna jasho lao ni masharti ambayo hukaguliwa ofisini, kwenye majalada.

Mashabiki wengi wamezoea kuitafuta sababu ya kushindwa kwa timu katika miguu ya mshambuliaji, mikono ya mlinda lango au akili ya kocha. Ni wachache wanaouliza ni nani aliyepaswa kukusanya nyaraka, kulipa malimbikizo ya mishahara, kuomba viza au kuufungua mlango wa uwanja kwa wakati. Kazi hizi zote huangukia katika idara moja ambayo haitajwi sana na watangazaji, yaani idara ya uendeshaji. Makala haya yanaeleza idara hiyo ni nini, muundo wake hujengwaje, na watumishi wake husimamiwaje. Hoja inayotetewa ni kwamba klabu nyingi huangushwa na kazi isiyo na mwenyewe, yaani kazi ambayo kila mtu hudhani mwenzake anaifanya. Aidha, inaonyeshwa kwamba suala la kuzipa kazi majina yanayoeleweka lina uzito katika usimamizi, na hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja.

Dhana ya Uendeshaji

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Nomino 'uendeshaji' imenyambuliwa kutokana na kitenzi 'enda' kwa kupitia kauli ya kusababisha, 'endesha'. Kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Maana hii inafaa kuliko maana za maneno mengine yaliyo karibu nalo. 'Utawala' unahusu mamlaka na sera. 'Usimamizi' unatokana na 'simamia', na unamhusu mtu anayesimama juu ya kazi ya wenzake ili kuhakikisha imefanyika. 'Utendaji' unahusu kitendo chenyewe. Idara ya uendeshaji, basi, ni sehemu ya klabu inayohakikisha kwamba mambo yanakwenda: timu inafika inakotakiwa, ikiwa na vifaa na wachezaji walioidhinishwa, katika uwanja ulio salama, kwa saa iliyopangwa.

Kutokana na maana hii, mpaka wa idara unaonekana wazi. Kocha na wasaidizi wake hushughulikia yale yanayotendeka kati ya kipenga cha kwanza na cha mwisho, pamoja na mazoezi yanayoandaa dakika hizo 90. Idara ya uendeshaji hushughulikia kila jambo linalowawezesha kocha na wachezaji kufika kwenye kipenga hicho cha kwanza bila wasiwasi. Idara ikifanya kazi vyema, haionekani. Hudhihirika pale basi linapochelewa.

Muundo wa Idara

Klabu kongwe za Afrika Mashariki ziliundwa kama vyama vya wanachama. Yanga ya Dar es Salaam iliasisiwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, AFC Leopards ya Kenya mwaka 1964 na Gor Mahia mwaka 1968. Katika mfumo wa vyama, wanachama huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nao huunda kamati ya kuiongoza klabu. Mfumo huu una fadhila zake, kwa kuwa huifanya klabu kuwa mali ya umma. Hata hivyo, una udhaifu mmoja mkubwa: viongozi waliochaguliwa ili kuweka sera hujikuta wakinunua maji ya kunywa, wakikodi mabasi na kuhesabu tiketi langoni. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo cha klabu huenda mrama pale wajumbe 10 wa kamati wanapotoa amri 10 kwa meneja wa timu mmoja.

Dawa yake ni kutenganisha sera na uendeshaji. Kamati au bodi huamua klabu inataka nini na ina fedha kiasi gani. Mtendaji mkuu aliyeajiriwa huyatekeleza maamuzi hayo kwa msaada wa wakuu wa idara. Simba ilielekea huko Desemba 2017, wakati wanachama walipoidhinisha mabadiliko ya kuifanya klabu iendeshwe kwa mfumo wa kampuni, wanachama wakibaki na asilimia 51 na mwekezaji akipewa asilimia 49. Wanachama wa Yanga nao waliidhinisha mabadiliko ya mfumo mwaka 2021. Pamoja na hayo, si lazima klabu iwe kampuni ndipo itenganishe majukumu. Chama cha wanachama kinaweza kabisa kuajiri mtendaji na kumwachia nafasi ya kutenda.

Chini ya mtendaji mkuu, mkuu wa idara ya uendeshaji anaweza kuwa na vitengo vitano. Kitengo cha kwanza ni cha huduma za timu, ambacho huongozwa na meneja wa timu na hushughulikia safari, malazi, chakula na ratiba ya kila siku. Cha pili ni cha usajili na nyaraka: mikataba, leseni za wachezaji, hesabu ya kadi na mawasiliano na shirikisho. Cha tatu ni cha mechi na uwanja, na humo mna mratibu wa mechi, wauzaji wa tiketi na wahudumu wanaowaelekeza mashabiki. Cha nne ni cha usalama. Cha tano ni cha vifaa, ambacho hutunza jezi, njumu, mipira na koni za mazoezi.

Klabu ndogo inaweza kusema kwamba haina fedha za kuajiri watu wote hao. Jibu ni kwamba vitengo ni vitengo vya kazi, na idadi ya watu ni suala jingine. Mtu mmoja anaweza kushika kazi mbili, mradi zisiwe kazi zinazokinzana. Mtunza vifaa anaweza kusaidia katika safari. Lakini afisa wa usalama asiwe ndiye muuza tiketi, kwa sababu muuzaji hutaka watu wengi waingie ilhali afisa wa usalama hulazimika wakati mwingine kusema uwanja umejaa. Vivyo hivyo, anayepokea fedha za langoni asiwe ndiye anayeziandika daftarini. Kuzitenganisha kazi hizi hakumaanishi kwamba watumishi ni wezi; kunamlinda mtumishi mwaminifu dhidi ya tuhuma.

Mipaka na Mistari ya Uwajibikaji

Muundo hauishii kwenye kuchora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Swali gumu ni hili: mtumishi akipewa amri mbili zinazopingana, amtii nani? Baadhi ya watumishi wa klabu huishi katika mpaka huo kila siku. Meneja wa timu hushinda na kocha kutwa, na ni rahisi amwone kocha kuwa bosi wake. Hata hivyo bajeti ya safari iko mikononi mwa mkuu wa uendeshaji. Daktari naye huketi kwenye benchi moja na kocha, ingawa kiapo chake kiko kwa mgonjwa.

Mgogoro wa aina hii unaweza kuzuka hata katika klabu tajiri. Tarehe 8 Agosti 2015, Chelsea ya Uingereza ilipokuwa ikicheza na Swansea, daktari wa timu Eva Carneiro aliingia uwanjani kumtibu Eden Hazard. Kwa kuwa mchezaji aliyetibiwa hulazimika kutoka nje kwa muda, Chelsea, ambayo tayari ilikuwa na mchezaji mmoja pungufu, ilibaki na upungufu zaidi. Kocha José Mourinho aliwalaumu hadharani wahudumu wa tiba, daktari akaondolewa katika shughuli za timu ya kwanza, na hatimaye akaiacha klabu. Suala hilo lilifika katika mahakama ya kazi, na Juni 2016 likamalizwa kwa maelewano huku Chelsea ikimwomba radhi. Yapo mengi ya kusemwa kuhusu kisa hicho, lakini kwa mintarafu ya muundo funzo ni moja: uamuzi wa kitabibu sharti uwe na mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe huyo asiwe mtu ambaye matokeo ya mechi yanamsukuma kuamua vingine.

Kutokana na hali hiyo, idara iliyopangwa vizuri huandika mambo mawili kwa kila mtumishi. La kwanza ni nani anayempangia kazi za siku. La pili ni nani anayemwajiri, anayemtathmini na anayeweza kumwadhibu. Kwa meneja wa timu, wa kwanza anaweza kuwa kocha, na wa pili awe mkuu wa uendeshaji. Watu hawa wawili wakitofautiana, humaliza tofauti zao wenyewe kwa wenyewe. Hawamwachii mtumishi mdogo mzigo wa kuchagua.

Nyaraka na Tarehe

Katika vitengo vyote vya idara, hakuna kinachodharauliwa kama kile cha nyaraka, na hakuna kinachoweza kuleta hasara kwa wepesi kama hicho. Mfano mzuri unatoka Poland. Katika mechi za mchujo wa Ligi ya Mabingwa barani Ulaya za mwaka 2014, Legia Warsaw iliifunga Celtic ya Scotland mabao 4-1 nyumbani na 2-0 ugenini. Katika dakika chache za mwisho za mechi ya pili, Legia ilimwingiza Bartosz Bereszyński. Mchezaji huyo alikuwa na adhabu ya kukosa mechi tatu, na klabu iliamini amekwisha kuitumikia. Kumbe katika mechi mbili kati ya hizo jina lake halikuwa kwenye orodha ya wachezaji iliyowasilishwa kwa shirikisho. Hivyo basi, kukaa kwake nje hakukuhesabiwa. Celtic ilipewa ushindi wa mabao 3-0, jumla ikawa 4-4, na Legia ikaondolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Timu iliyofunga mabao sita na kufungwa moja ilirudi nyumbani kwa sababu ya jina moja katika karatasi moja. Mwaka uliofuata Real Madrid nayo iliondolewa katika Kombe la Mfalme la Hispania kwa kumchezesha Denis Cheryshev, ambaye alikuwa na adhabu iliyotokana na kadi alizopata msimu uliotangulia akiwa katika klabu nyingine.

Visa hivi havikusababishwa na ukosefu wa fedha wala elimu. Vilisababishwa na kukosekana kwa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema, kabla ya kila mechi, "Huyu anaruhusiwa kucheza, huyu haruhusiwi," na ambaye kocha hana budi kumsikiliza. Kazi hiyo huhitaji daftari la kadi na adhabu, linalosasishwa baada ya kila mchezo na kukaguliwa na mtu wa pili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushindi ni mali.

Kanuni za kimataifa zimeongeza uzito wa kitengo hiki. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa wachezaji wa kulipwa wa kiume kutoka nchi moja hadi nyingine hufanywa kwa mfumo wa kompyuta wa FIFA, na klabu inapaswa kuwa na mtu aliyefunzwa kuutumia. Tangu mwaka 2015 klabu inayochelewesha malipo inayodaiwa kwa zaidi ya siku 30 bila sababu ya kimkataba inaweza kuadhibiwa, na miongoni mwa adhabu ni kuzuiwa kusajili wachezaji wapya katika kipindi kimoja au viwili vya usajili. Tangu mwaka 2018 mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuvunja mkataba kwa haki baada ya kuidai klabu kwa maandishi na kuipa muda wa angalau siku 15. Barua kama hiyo ikifika ofisini na kukaa juu ya meza bila mtu wa kuijibu, siku 15 hupita upesi.

Leseni ya CAF nayo hufuata mkondo huo huo. Masharti yake yamegawanywa katika mafungu matano: ya kimichezo, ya miundombinu, ya watumishi na utawala, ya kisheria na ya kifedha. Fungu la watumishi huitaka klabu ionyeshe kwamba ina watu katika nafasi mahususi, wakiwemo wa fedha, usalama, habari na tiba. Kwa maneno mengine, muundo wa ofisi umekuwa sehemu ya ushindani. Klabu isiyoweza kuwataja watumishi wake na kazi zao haiwezi kulitetea taji lake barani.

Siku ya Mechi

Siku ya mechi ndiyo mtihani wa idara. Maandalizi huanza mapema, hususan kwa mechi za ugenini barani. Mtumishi mmoja hutangulia kwenda kukagua hoteli, jikoni, uwanja wa mazoezi na barabara ya kuelekea uwanjani. Mwingine hubaki akihakiki pasipoti, viza na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Siku moja kabla ya mchezo, wawakilishi wa timu zote mbili hukutana na wasimamizi wa mechi ili kukubaliana kuhusu rangi za jezi, saa za kufika na taratibu za usalama. Yote yanayokubaliwa huandikwa, kisha hugawiwa wahusika.

Kwamba jambo dogo la uendeshaji linaweza kusimamisha jambo kubwa kulidhihirika Dar es Salaam mwaka 2025. Mchezo wa Ligi Kuu kati ya Yanga na Simba, ambao hutazamwa na mamilioni ya watu ndani na nje ya Tanzania, ulipangwa kuchezwa tarehe 8 Machi. Usiku uliotangulia, msafara wa Simba ulizuiwa kuingia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho. Simba ikatangaza kwamba haitacheza, na mchezo ukaahirishwa saa chache kabla ya kuanza. Ulichezwa tarehe 25 Juni, na Yanga ikashinda 2-0. Zogo kuhusu nani mwenye makosa lilikuwa kubwa. Kwa mwanafunzi wa usimamizi, swali la msingi ni la kawaida mno: ni nani aliyekuwa na idhini ya kufungua lango saa ile, na ni nani aliyejulishwa? Palipo na jibu moja la maandishi, ugomvi hukosa nafasi.

Lango linaweza kusababisha jambo zito kuliko kuahirishwa kwa mchezo. Tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, mashabiki walisukumana wakijaribu kuingia, na watu saba wakapoteza maisha. Walikuwa wamekwenda kutazama kandanda. Ni kwa ajili ya watu kama hao kitengo cha usalama hakiwezi kuwa pambo la orodha ya leseni. Afisa wa usalama anapaswa kujua idadi ya waliokwisha kuingia, kuwa na mawasiliano na kila lango, na kuwa na mamlaka ya kuchelewesha kipenga cha kwanza bila kumwomba ruhusa mweka hazina anayehesabu mapato.

Nchini Kenya zipo changamoto za ziada, kwa sababu klabu nyingi hazimiliki viwanja. Nyayo na Kasarani ni viwanja vya umma, na ukarabati uliofanywa kabla ya mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 ulizilazimu klabu za Nairobi kuhamahama kwa vipindi mbalimbali. Klabu inayohama hukutana kila mara na malango mapya, walinzi wapya na njia mpya za kutokea. Kwa sababu hiyo, mratibu wa mechi huhitaji ramani na orodha ya kazi kwa kila uwanja.

Usimamizi wa Watumishi

Muundo mzuri bila watu ni mchoro tu. Hatua ya kwanza katika kuwasimamia watu ni mkataba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na miongoni mwa mambo yanayopaswa kuandikwa ni maelezo ya kazi yenyewe. Katika klabu nyingi mtu huanza kama shabiki mwenye bidii, akabeba mipira, akatumwa benki, akaitwa 'meneja', na miaka ikapita bila yeye kujua mwisho wa kazi yake ni wapi. Maelezo ya kazi yaliyoandikwa humlinda mtumishi huyo na huilinda klabu.

Wanaojitolea wanastahili uangalifu wa pekee. Klabu za Afrika Mashariki haziwezi kuendeshwa bila wao, na mapenzi yao ni hazina. Lakini kujitolea si kufanya kila kitu. Anayejitolea apewe kazi moja inayotajika, kiongozi mmoja wa kumwelekeza, na kitambulisho cha siku hiyo. Asipewe funguo za ghala wala fedha taslimu, si kwa kumshuku, bali kwa sababu hana mkataba unaomlinda ikiwa kitu kitapotea.

Hatua ya pili ni mawasiliano. Mkutano mfupi wa kila wiki, wenye ajenda isiyobadilika, hutosha: mechi iliyopita ilikwendaje, mechi ijayo inahitaji nini, nani atafanya nini na kufikia lini. Baada ya kila mechi, kila kitengo huandika taarifa ya ukurasa mmoja. Faida yake huonekana msimu unaofuata, timu inaporudi katika mji uleule na kukuta imeandikwa kwamba hoteli fulani haina maji ya moto.

Hatua ya tatu ni malipo. Mara nyingi fedha za klabu zikipungua, wachezaji hulipwa kwanza na watumishi wa ofisini huambiwa wasubiri. Dereva, mtunza vifaa na karani wa usajili huvumilia, lakini uvumilivu una kikomo. Karani aliyekata tamaa hatagoma hadharani. Ataacha tu kuhakiki orodha mara mbili. Hasara ya kumnyima karani huyo mshahara wa mwezi mmoja inaweza kuwa kubwa kuliko mshahara wake wa mwaka mzima.

Hatua ya nne ni kupokezana. Watumishi huja na kuondoka, na ofisi hubaki. Agosti 2020 mtendaji mkuu wa Simba, Senzo Mazingiza wa Afrika Kusini, aliihama klabu hiyo na kujiunga na mahasimu wao, Yanga. Septemba mwaka huo Simba ikamteua Barbara Gonzalez. Msimu huo wa 2020/2021 Simba ilitetea ubingwa wa Tanzania na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa barani Afrika. Haiwezekani kudai kwamba ofisi pekee ndiyo iliyoleta mafanikio hayo. Hata hivyo, kisa hiki chathibitisha kwamba kiti kinaweza kubadilisha mkaaji bila timu kuyumba. Jambo hilo huwezekana pale majalada, nywila, mikataba na anwani za washirika vinapokuwa mali ya ofisi badala ya kuwa siri ya simu ya mtu mmoja. Kila mtumishi anapaswa kuwa na msaidizi anayeweza kuishika kazi yake kwa wiki moja, na wiki hiyo ijaribiwe kabla dharura haijaibisha hodi.

Majina ya Kazi na Nafasi ya Kiswahili

Yaliyotangulia yanaonyesha kwamba kazi isiyo na jina moja huwa haina mwenyewe mmoja. Katika kandanda ya Afrika Mashariki majina ya kazi yamechanganyika. Neno 'meneja' ndilo mfano bora. Nchini Uingereza mtu anayeitwa kwa neno ambalo Kiswahili kimelitohoa kuwa 'meneja' ndiye huchagua kikosi. Afrika Mashariki anayechagua kikosi ni kocha, naye meneja wa timu hushughulikia pasipoti, mabasi na vyumba vya hoteli. Mwandishi anapotafsiri habari za Uingereza neno kwa neno, msomaji huachwa akidhani kwamba mwenye kukodi mabasi amefutwa kwa sababu timu imefungwa. Ndani ya klabu mchanganyiko huu una madhara zaidi, kwani anayeitwa meneja anaweza kudhani ana kauli katika kikosi, na kocha akamwona mvamizi.

Hali kadhalika, 'msemaji' na 'afisa habari' hutumiwa kana kwamba ni visawe, ilhali msemaji huinenea klabu, na afisa habari huandaa taarifa na kuwahudumia wanahabari. Hata tahajia hutofautiana: Kenya huandika 'afisa', na magazeti mengi ya Tanzania huandika 'ofisa'. 'Mratibu', 'mkurugenzi' na 'msimamizi' hutolewa kama heshima bila kuzingatia maana. Inapendekezwa kwamba 'mkurugenzi' atumike kwa mkuu wa idara, 'meneja' au 'msimamizi' kwa mkuu wa kitengo, 'mratibu' kwa anayeunganisha kazi za vitengo kadhaa bila kuwa bosi wao, na 'mtunza' kwa anayewajibikia mali. Maneno haya yote yanajulikana. Kinachohitajika ni kuyatumia kwa nidhamu.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kuzisaidia klabu kuandaa mikataba, maelezo ya kazi na miongozo ya siku ya mechi katika Kiswahili sanifu. Nyaraka nyingi za aina hii huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mlinzi wa lango, dereva na mtunza vifaa huzungumza na kupokea amri kwa Kiswahili. Amri ya usalama isiyoeleweka na anayelinda lango ni sawa na amri isiyotolewa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba idara ya uendeshaji ndiyo inayoifanya klabu iende. Imebainika kwamba muundo wake unahitaji kutenganisha sera na utendaji, kuzitenga kazi zinazokinzana, na kumtambulisha kila mtumishi kwa anayempangia kazi na anayemwajiri. Imeonyeshwa pia kwamba watumishi husimamiwa kwa mkataba ulio wazi, mawasiliano ya maandishi, malipo kwa wakati na utaratibu wa kupokezana. Haya yote hayahitaji utajiri. Orodha ya wachezaji wanaoruhusiwa, daftari la kadi, barua inayojibiwa kabla ya siku 15 na jina moja kwa kila lango ni mambo yanayoweza kufanywa na klabu ya mtaani kama yanavyofanywa na klabu ya Ulaya. Wachezaji wa Gor Mahia wa mwaka 2023 walistahili kucheza barani, na mashabiki saba wa mwaka 2010 walistahili kurudi nyumbani. Klabu inayotaka kuepuka hasara za aina hiyo ianze kwa kuorodhesha kazi zake zote, kisha iandike mbele ya kila kazi jina la mtu mmoja.